Siku Tano za Kungoja Cheti cha Unga

Kizwite,
Sumbawanga.
9 Julai 2023

Mpendwa mdogo wangu Vicent,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu Thandi na mtoto. Natumaini baridi ya huko Johannesburg haijawalaza kitandani. Huku Ufipa nayo imekaza; mpaka saa nne asubuhi watu wa sokoni bado wamejifunika mablanketi kama wagonjwa.

Kwa desturi hapa ningeandika kwamba sisi sote ni wazima wa afya. Sitaandika hivyo, maana nimeamua barua hii isiwe na uongo hata mmoja, hata ule wa salamu. Shemeji yako Polikarp ni mzima, anakohoa kidogo tu. Binti yangu Lucia ni mzima. Mimi miguu inaniuma tangu ile safari. Mama nitamfikia baadaye.

Barua nampa Nestory, yule wa kwa mzee Teodori wa Mwazye, anayeendesha lori kuja huko. Ameahidi kukukabidhi mkononi. Usiisome mbele ya watu.

Nilikaa kwako siku sita na sikukuambia neno. Nilisikia wageni wako wakisema dada wa marehemu ni mpole sana. Mimi si mpole na wewe unajua, umekula viboko vyangu. Nilijikaza kisabuni kwa sababu nyumba ilijaa watu, na Thandi hajui Kiswahili, angedhani namgombeza yeye. Sasa nimepata nafasi, na huwezi kunikatiza.

Hukuniuliza nilisafirije. Nakueleza hivyo hivyo.

Ulipopiga simu mwishoni mwa Mei ukasema ndugu yetu Cornelius amelazwa huko, figo zimekataa, na kwamba anautaja uji wa ulezi wa nyumbani, nilikwenda kwa Mama Mwazye siku ile ile kufuata ulezi mpya. Mama alikataa usipelekwe mashineni, akasema unga wa mashine unanuka dizeli na mwanawe ataujua. Akausaga mwenyewe kwa jiwe, siku mbili, akipumzika na kuanza tena. Tukaufunga kwenye vitambaa vyeupe, mafundo manne, kama tunavyofunga unga wa kumpelekea mgonjwa yeyote huku. Hakuna aliyefikiria kuandika juu yake kwamba ni unga. Nani huku asiyejua unga?

Alhamisi alfajiri Polikarp alinisindikiza stendi. Alinibebea begi, akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu tufunge ndoa. Nikamcheka, nikamwambia ameanza kuzeeka vibaya. Leo najua kwamba ulimpigia Jumatano jioni, ukamwambia Cornelius amefariki, ukamwapisha asiniambie kwa kuwa niko safarini.

Pale Kasesya mpakani nilipita bila shida, wale wa forodha wananijua kwa maharage yangu. Mmoja akaniuliza leo mzigo uko wapi, nikamwambia leo naenda kumwona mdogo wangu, sifanyi biashara. Nikapata gari dogo hadi Mbala, na basi hadi Kasama. Kwa ajili ya mgongo wangu nilitaka treni, nijinyooshe.

Treni hiyo haikuja siku tuliyoambiwa. Ilikuja kesho yake mchana, ikaenda vizuri, halafu kichwa kikaharibika katikati ya pori tukakaa hapo tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama. Watu walishuka, wakawasha moto, wakachoma mahindi. Nililala kitanda cha chini, na juu yangu alilala mama mmoja, Asnath, muuza samaki wakavu kutoka Mpulungu. Yeye anasema Kimambwe, mimi Kifipa, na tulisikilizana vizuri kabisa. Alichukua rozari yake tukasali pamoja, mafungu yote matano, kumwombea Cornelius apone.

Nikuambie kitu kingine. Nilifurahi kwenye ile treni. Ilipokuwa inakata kona niliona mabehewa yetu ya nyuma yanatufuata, nikatoa kichwa dirishani kama mtoto. Nikapanga nitakavyomsimulia Cornelius, na atakavyonicheka. Hilo linaniuma kuliko mengi. Mimi nachekelea dirishani na ndugu yangu yuko kwenye jokofu.

Lusaka nilifika Jumapili, kwa basi kutoka mwisho wa reli, na Jumatatu asubuhi nilikuwa uwanja wa ndege na pasi yangu na kile kitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Kwenye ukaguzi nilimkuta mzee wa makamo, nikainama kidogo nikampigia makofi ya salamu, na yeye akanipigia. Nikasema moyoni, kumbe niko kwetu. Dakika tano baadaye vile vifurushi vinne vilikuwa vimefunguliwa juu ya meza na watu watatu wanavinusa.

Hawakunionea, Vicent, sitaki kumsingizia mtu. Walipojua ni unga wa kweli walinieleza kwamba chakula cha shamba hakivuki bila cheti cha wakaguzi wa mimea. Yule mzee alizaliwa Nakonde kule mpakani, Kiswahili anakijua.

"Mama, acha huu unga hapa, ukimbilie ndege," akaniambia. "Ndege bado ipo."

"Ni wa mgonjwa," nikamwambia. "Ameuomba mwenyewe."

"Basi mpigie anayekaa naye, umuulize."

Nikakupigia. Unakumbuka? Nilikuomba uniunganishe na Cornelius, ukasema madaktari hawaruhusu simu wodini. Nikakuuliza kama bado anaweza kumeza. Ukasema, "Anaweza, Dada. Anauulizia huo uji kila siku."

Ndege ikaondoka bila mimi. Nilibaki kwa hiari yangu, kwa neno lako hilo.

Nililala nyumba ya wageni ya masista, na kila asubuhi nikawa wa kwanza mlangoni kwa wakaguzi. Jumanne wakachukua kiasi kidogo kwenda kukipima. Jumatano mpimaji hakuwepo. Alhamisi ulinipigia wewe mwenyewe ukasema, "Dada, achana na huo unga, njoo tu." Nikakuwakia. Nilikuuliza kama umeshakuwa mzungu, kwamba mama mzazi ameinama kwenye jiwe siku mbili halafu wewe unauita "huo unga". Najua nilikuwa mkali. Lakini hapo ndipo ulipotakiwa kufungua mdomo. Ungesema maneno mawili tu ningeumwaga ule unga barabarani na kwenda uwanja wa ndege kwa miguu.

Ulisema tu, "Sawa, Dada, tunakusubiri."

Ijumaa saa nane mchana nilipata cheti, chenye muhuri na saini. Nilishangilia hadi yule dada wa mapokezi akasimama kunipa mkono. Sikujua kwamba chama chenu cha kuzikana kilikuwa kimeshaahirisha mazishi mara moja kwa ajili yangu, kutoka Jumatano, na kwamba gari na kaburi vilikuwa vya Jumamosi saa nne na si zaidi.

Na Jumamosi hiyo ndiyo nikapanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ilikuwa iondoke alfajiri. Tulikaa ndani tumefungwa mikanda, tukashushwa, tukaambiwa kuna kitu kinatengenezwa, tukapandishwa tena. Tuliondoka karibu na saa sita. Huko juu nilimwona Mungu alivyotandaza mawingu chini yetu, lakini sikuweza kula walichonipa. Nilikuwa nahesabu: nikishuka tu, twende moja kwa moja hospitali, nimkorogee uji kabla jua halijazama.

Nilipotoka nilikuona umesimama na Thandi, una suti nyeusi. Nikadhani umevaa vizuri kunipokea dada yako. Halafu nikaona viatu vyako, udongo mwekundu umepanda mpaka kwenye kamba, na magoti ya suruali yamepauka kwa vumbi.

"Mnatoka wapi?" nikakuuliza.

Thandi ndiye aliyelia, nami nikaelewa kwa kilio chake, kwa sababu kilio hakina lugha ya huko wala ya huku.

Nilimbeba Cornelius mgongoni, Vicent. Wewe hukuwa umezaliwa. Mama akienda kulima matuta mimi nabaki naye, nina miaka saba, namfunga kwa kanga inayonizidi. Nilistahili kuuona uso wake. Nilistahili kutupa udongo wa kwanza. Badala yake ulinionyesha kibao cha bati chenye namba, kati ya vibao vya watu nisiowajua, nikakiinamia kibao. Na siku ya tatu mkeo akaupika ule uji, wageni wakausifu, wakaomba tena. Mimi sikuonja.

Kuna jingine ambalo labda hujalijua. Huku Kizwite matanga yalikaa nyumbani kwangu. Wakati mimi napanga foleni Lusaka, uwanja wangu ulikuwa na turubai. Padri alikuja. Walipika maharage yangu ya biashara. Majirani zetu Bundala na mkewe Kabula, ambao wamehamia juzi tu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, walijua. Mtaa mzima ulijua ndugu yangu amekufa, isipokuwa mimi.

Polikarp alipiga magoti kuniomba radhi. Alisema ndivyo tunavyofanya, msiba haumfuati mtu barabarani, angeweza kuanguka. Najua ndivyo tunavyofanya. Hata mimi nilimfanyia hivyo shangazi Adela alipofiwa na mumewe, yeye akiwa Mbeya, nikamwambia mumewe anaumwa tu, na alipofika akakuta jeneza limeshafungwa misumari. Nilijiona nina huruma. Shangazi hakunisemesha mwaka mzima na nilidhani ana kiburi. Mwezi uliopita nilikwenda kwake nikamwomba msamaha. Alinipa chai.

Wewe sijakusamehe bado. Nakuambia kweli kwa kuwa nimeahidi kweli. Nakupenda, nakuombea, nikikumbuka ulivyonishika mkono pale makaburini moyo unalainika. Halafu nakumbuka "anauulizia kila siku" na unakuwa jiwe tena. Nipe muda.

Sasa salamu. Polikarp anakusalimu na anaona aibu. Lucia anasema shikamoo mjomba. Shangazi Adela anakusalimu sana, na mzee Teodori pia. Kabula anakusalimu ingawa hamjuani, amekuona kwenye picha.

Mama hakutumii salamu. Hajui kama nakuandikia.

Vicent, kaa chini. Ule uvivu wa mama wa kupumzika kila mara kwenye jiwe tuliudhani uzee. Niliporudi nilimkuta amekonda, macho ya manjano, tumbo upande wa kulia limevimba. Nikampeleka hospitali wakampiga picha, wakatutuma tena Mbeya kwa vipimo vingine. Ni saratani ya ini na imeshaenea. Daktari hakutuzungusha, nami nilimshukuru. Amesema tusitegemee afike Krismasi, na kwamba kuanzia sasa kazi ni kumtuliza maumivu.

Mama mwenyewe anajua, nilimwambia kwa Kifipa, amelala kifuani kwangu. Hakulia. Alichosema ni hiki: "Vicent msimwambie. Yuko mbali, atakuja mbio, atapata ajali njiani. Mwambieni mimi sijambo, na nikishaondoka ndiyo mumwite." Akaniapisha kwa jina la marehemu baba.

Wiki iliyopita ulipiga simu ukauliza mama anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri, yuko shambani. Alikuwa ndani hapa kwangu, anasikia, na alinitikisia kichwa kunishukuru. Nilipokata simu nikatambua kwamba nilikuwa nimesema kwa sauti yako ile ile niliyoisikia Lusaka, bila hata kujikwaa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu, yeye akiwa ananitazama, siwezi.

Kiapo nimekivunja, na dhambi hiyo naibeba mimi. Nitamwambia leo hii kwamba nimekuandikia. Atanikasirikia, na hana muda mrefu wa kukasirika.

Mama anakufa, Vicent. Leo bado anakaa mwenyewe, anaongea, anawafahamu watu wote. Sijui ya mwezi ujao. Njoo kwa ndege, njoo kwa treni, panda hata na Nestory kwenye lori, lakini anza safari ukijua unachokuja kukuta.

Mungu akulinde barabarani na akufikishe Mama akiwa bado anakuona.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Emerensiana