Muhindi na maharagi mu ndoo

Lundi, usiku

Mi niliona kuchagua kwa siri ni kazi ya bure. Kila mwaka tunachagua prezida wa bomba letu la maji kwa kuinua mikono, na Tata Kalenga, prezida wa siku zote, anatuangalia moya-moya. Jana jirani yangu Mama Ngoie alikatala mambo ya mikono. Alitundika kitenge, akatia ndoo nyuma yake, kila mutu atupe mbegu moya: muhindi kwa Tata Kalenga, maharagi kwa mupinzani wake.

Tata Kalenga akashinda tena.

"Unaona, ni yeye tu," nikamwambia Mama Ngoie.

"Ngoja kesho ku bomba."

Leo asubui bibi ya Tata Kalenga, mwenye kupita mbele yetu kila siku kuchota maji, alishika mulongo, akangojea nyuma ya bachimbaji ba mugodi ya Mashamba. Tata Kalenga alisalimia batu bote. Mi aliniita mama.

Hajui nani alimunyima muhindi.