Hina ya Shaqra

Alhamisi, 24 Januari

Nimefika kwa Babu! Kwetu Shobak, mlimani, tumekuacha na barafu ndani ya mabomba. Huku jangwani Hisma jua linachoma shingo. Baba alikunywa kahawa moja tu, akageuza gari kurudi kazini. Atanifuata Jumamosi ya wiki ijayo.

Shaqra, mbwa jike wa Babu, alinitambua. Alikuja polepole akaingiza pua yake ndefu kwapani mwangu, kama zamani. Sahm, yule dume, alinipita tu kama mwenye mji. Shangazi Wadha anasema Sahm ana majivuno kwa sababu blanketi lake ni zuri kuliko la Shangazi mwenyewe. Babu akamjibu, "Nawe kamata sungura, nitakununulia."

Habari kubwa nimeiacha mwisho kwa makusudi. Babu amesema Shaqra akizaa, mtoto mmoja ni wangu. Wangu! Saluki, mbwa wa kuwinda kama hawa, hauzwi, hupewa mtu, na sijawahi kusikia msichana amepewa. Nilisema "Ahsante, Babu" kwa adabu, kisha nikaenda nyuma ya hema nikarukaruka.

Jumamosi, 26 Januari

Jumatatu tunapanda jabali hadi kwenye daraja la mawe lililojiumba lenyewe, mimi, Babu na mbwa wote wawili. Mawe ya kule ni msasa mtupu. Mbwa akizoea mchanga nyayo zinalainika, kwa hiyo lazima apakwe hina kabla ya kupanda ili ngozi ikaze.

Na kazi ya kuwapaka nimepewa mimi! Babu aliniwekea mfuko mkononi—hina ya Aqaba, hakuna nyingine mpaka mtu ashuke mjini tena. "Yote ni ya miguu yao," alisema. "Ipake nzito, uwafunge vitambaa, walale nayo."

Shangazi akaguna: "Mimi siku ya harusi yangu sikupakwa hina ya maana hivi."

"Wewe ulikuwa unapanda jabali gani?" Babu akamuuliza.

"Nimeolewa na mume mgumu kama jabali, wewe huoni?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Jumapili, 27 Januari

Nimewapaka. Sahm kwanza, nzito, vizuri, mpaka katikati ya vidole.

Kisha nikalitazama bakuli. Ile harufu! Dima wa darasani kwetu alirudi kutoka likizo iliyopita na mikono imepakwa hina hadi kwenye vifundo, darasa zima likamzunguka. Mikono yangu ilikuwa imepasuka kwa baridi, na mtu nyuma akasema ni mikono ya mchunga mbuzi. Nikasema nitajipaka kidogo, katikati ya kiganja tu. Lakini kidogo hakikupendeza. Nikaendelea.

Iliyobaki nikaiongezea maji. Ikawa kama chai. Shaqra alinipa miguu mmoja baada ya mwingine bila kuambiwa.

Na unga mkavu pia nilitoa konzi moja kabla ya kukoroga. Nimeufunga kwenye leso. Nilitaka kumpelekea Dima.

Shaqra ni mwepesi. Hakanyagi kwa nguvu kama Sahm. Naamini hivyo.

Jumatatu, 28 Januari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Babu aliiona mikono yangu. Nikasema, "Nilipangusa bakuli tu, Babu." Akacheka, akaishika na kuigeuza. "Tazama ilivyokolea! Makombo tu hayo. Hii ndiyo hina." Nilitabasamu. Nilitabasamu kweli.

Tuliingia kwenye korongo jua likiwa bado halijafika chini. Kuta nyekundu zimejikunja kama nguo iliyokamuliwa, na mahali pengine ni pembamba hadi nilipita kiubavu. Mbwa walitangulia, tukisikia kucha zao tu. Babu alinionyesha ngamia waliochorwa na watu wa zamani, na mbele yao mnyama mwembamba, mkia umepinda. "Saluki," akasema. "Huyu alikuwepo hapa kabla ya babu wa babu yangu." Shaqra akanusa jiwe, tukacheka—kama vile amemtambua ndugu yake!

Kwenye daraja nililala kifudifudi nikachungulia chini. Upepo ulipita chini ya tumbo langu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, naiandika ingawa sistahili.

Kisha nikaona alama ndogo nyekundu juu ya jiwe, zimepangana. Nikafurahi—nikadhani ni hina yangu. Lakini hina iliyokauka haiachi alama. Nikazifuata. Shaqra alikuwa amelala kivulini, analamba. Nyama za nyayo za mbele zilikuwa zimebanduka, zinaning'inia.

Hakulia hata mara moja. Angelia ningejua mapema.

Babu alichana kilemba chake akamfunga, akambeba mabegani mpaka chini. Nikasema nimsaidie. "Wewe mshike Sahm," akasema. Sahm alikuwa anarukaruka, hana hata mkwaruzo.

Jumanne, 29 Januari

Babu aliwalaza wote wawili mbele yake akalinganisha nyayo. Za Sahm nyeusi kama kahawa iliyochemka. Za Shaqra nyeupe.

"Bakuli moja," alisema, "mkono mmoja. Hina yenyewe ni kali, si umeona mikono ya mtoto? Basi ni ngozi ya Shaqra. Haishiki."

Shangazi akauliza kwani kuna ngozi isiyoshika hina. Babu akasema alimsikia baba yake akisema hivyo. Na mbwa wa namna hiyo hazalishwi, kwa sababu watoto watakuwa kama yeye, na huku kwetu ni mawe kila upande.

Nilikuwa nimeshika birika. Mikono yangu ilikuwa wazi mbele yao wote. Ndiyo ushahidi dhidi ya Shaqra, mikono yangu!

Nikawamiminia chai.

Alhamisi, 31 Januari

Nimempaka Shaqra samli miguuni. Ananilamba viganja. Naviondoa.

Leo amekuja Abu Dhiab, rafiki wa Babu kutoka nyika ya Mudawwara, ambako ni mchanga na changarawe laini tu. Baada ya kikombe cha tatu akamsifu Shaqra. Babu akasema, "Ni wako." Hivyo tu! Atamchukua Jumamosi.

Shangazi alinikuta nalia kwenye zizi. "Unalilia mtoto wa mbwa hata hajatungwa mimba? Atakupa mtoto wa Sahm kwa jike mwingine, nyamaza." Anadhani nalilia zawadi. Jana nilikuwa naililia, kweli. Leo siyo.

Nimejisemea nitamwambia Babu baada ya magharibi. Baada ya magharibi walikuwa na wageni.

Ijumaa, 1 Februari

Nimesugua mikono kwa majivu na ndimu. Hina haitoki. Imezidi kung'aa.

Babu ameshatoa neno mbele ya mgeni, nikisema nitamwaibisha. Nisiposema—nimeandika nikakata. Nimeandika tena nikakata.

Jumamosi, 2 Februari

Naandika ndani ya gari. Hita imewashwa.

Baba alifika mapema, amevaa koti la theluji, ndevu bado zina maji. Njia ya mlimani ya Ras an-Naqb inafungwa jioni kwa theluji, anasema. Abu Dhiab naye alikuwa ameshafika, kamba mkononi. Shaqra alimwendea kwa adabu huku akichechemea.

Niliingia kuaga. Babu akasema, "Soma vizuri. Usihuzunike, huko mchangani atapumzika." Aliponipa mkono sikuweza kuupokea. Nikatoa leso mfukoni, nikaifungua juu ya goti lake.

Akaunusa ule unga. Akanitazama.

Nikasema, "Nyingine iko mikononi mwangu, Babu. Shaqra alipata maji."

Nilingoja anipige, au acheke. Alisema tu, "Nenda garini."

Nimekuja. Kioo kimejaa ukungu, nimekifuta kwa mkono wa sweta. Baba anauliza nimefanya nini huko, Babu ana uso gani ule. Nimesema nitamweleza njiani.

Sasa Babu ametoka nje. Anamwambia Abu Dhiab jambo, sisikii. Abu Dhiab bado ameshika kamba na Shaqra yuko upande wa pili wa kamba hiyo. Babu na Abu Dhiab wanatazama gari.

Babu amechuchumaa, anaunyanyua mguu wa Shaqra. Kando yake pana bakuli na ile leso yangu ya hina. Shangazi anakuja na birika la maji ya moto.

Babu ananiita. Haniiti kwa jina, ananyoosha tu mkono.

Baba anasema theluji haitatungoja. Nimemwomba azime gari. Nashuka—