Mama, Sasa Nakaa Juu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo huko ulikopumzika. Nina habari, siwezi kuikalia: leo nimechapa barua kwenye kompyuta kutwa nzima na shingo haijauma. Hata kidogo!

Unakumbuka kule kijijini Mungaa, wageni wakitukuta tunapura alizeti? Nikichelewa kushuka kitini ulinikazia jicho. "Binti, mkubwa amesimama, wewe umekaa juu kama nani?" Nami mbio kwenye kigoda, shikamoo ikitoka nusu, nawe unageuza uso ili nisikuone ukicheka.

Basi malezi hayo nikahamia nayo mjini. Tangu tukuzike nimefungua steshenari hapa Singida, na wateja wangu wengi ni wazee. Husimama kaunta wakinitajia maneno ya barua zao. Ningekaaje juu? Nikaweka kigoda. Meza ikanifika kifuani, viwiko vikaning'inia, shingo nikaikunja kutazama skrini kama kuku anayekunywa maji. Vidole vikaanza kufa ganzi. Nililia, Mama. Niliona kazi ninayoipenda inaniponyoka.

Hospitalini, mtaalamu wa viungo alitaka nimwonyeshe ninavyokaa. Akacheka sana. "Dada, unachapa au unakamua ng'ombe?" Akaniambia nitafute kiti chenye egemeo, nyayo zitue sakafuni, viwiko vilingane na meza, skrini iwe usawa wa macho, na niwe nainuka kujinyoosha. Skrini nimeiinulia rimu za karatasi. Na kiti nilichonunua kinazunguka, Mama! Nilikijaribu peke yangu mlango ukiwa umefungwa.

Lakini niliogopa mzee atanikuta nimekaa juu. Na mteja wa kwanza leo asubuhi akawa nani? Mama Elia, jirani yetu wa Mungaa! Niliruka chini, nikapiga goti. "Marahaba," akasema, akakitazama kiti, akanitazama mimi. "Haya, panda mwanangu. Heshima nimeshaipokea, sasa naitaka barua yangu." Nikamvutia benchi, nikapanda, nikachapa. Nilichapa kwa raha ambayo sijui niieleze vipi.

Alipoondoka nikakuwaza. Maisha yako yote sikuwahi kukuona umeegemea kiti. Ungeingia hapa sasa hivi ningeshuka, nikakuamkia, halafu nisingepanda tena. Ningekukalisha wewe, nikuzungushe mpaka uniite mwendawazimu.

Nakupenda, Mama. Pumzisha mgongo.

Kitinda mimba wako