Meneja Kapasuliwa Bega, Mama Mkwe Hana Habari

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mama mkwe wangu anarudi na mimi sina pa kuficha uso.

Mama ana kitalu cha miche na maua, na hapo kitaluni kuna farasi mdogo, wale wafupi wanaomfikia mtu kiunoni, tunamwita Meneja kwa sababu kila asubuhi huzunguka akinusa miche kama anakagua kazi, na ndiye aliyekuwa akivuta kigari cha vyungu mpaka alipoanza kuchechemea. Mama alipokwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua alinikabidhi funguo na Meneja, akasema mbele ya mume wangu, "Dawa mpe, mwanangu, ila kisu sitaki," kwa kuwa zamani alikuwa na punda aliyechomwa sindano ya usingizi ili apasuliwe na hakuamka tena.

Basi mama kaondoka, dawa nazo zikagoma. Meneja akawa hakanyagi mguu wa mbele, akilala hainuki mpaka tumsukume, majani anayaangalia tu. Daktari wa mifugo akampiga picha na kutuonyesha kiungo cha bega kimelika, mfupa unasaga mfupa. Akasema, "Ama tumlaze moja kwa moja, ama tukigandishe kiungo." Yaani apasue bega, akwangue gegedu iliyobaki kati ya mifupa, afunge bamba la chuma kwa skrubu ili mifupa miwili iungane iwe mmoja, bega lisikunjike tena lakini maumivu yaishe. Farasi mkubwa ni mzito mno kwa kazi hiyo, akasema, huyu mwepesi ana nafasi nzuri, ingawa kuamka kutoka usingizini ni hatari kwa farasi yeyote.

Nikampigia mama, akapokea huku mtoto analia, mwenyewe amechoka, akauliza tu, "Meneja mzima?" Nikajibu mzima. Kisha nikatia saini. Mume wangu akasema, "Wewe ndiye uliyekabidhiwa," akaenda zake kunywa chai.

Shangazi, aliamka! Alitetemeka, akapiga magoti, akajaribu tena, akasimama, nikalia mpaka daktari akanipa taulo la farasi nijifute. Sasa yuko nyumbani, bado hatoki zizini, ila picha zinaonyesha mfupa unaunga, anakula, anakanyaga, japo mguu anaurusha kwa nje, na kigari hatavuta tena maisha yake yote.

Balaa ni simu. Mama husema, "Mwekee simu nimsikie anavyotafuna." Siku moja Meneja akiwa bado hospitali ya wanyama, mama akauliza mbona sauti inavuma kama yuko ukumbini. Nikasema tumepiga lipu zizi. Akafurahi! Sasa mume wangu yuko zizini na mwiko anapiga lipu kweli, na anashauri tumfunike Meneja blanketi bega lililonyolewa lisionekane. Nifanye nini?

Mkwe wa Kitaluni

*

Mkwe wa Kitaluni, kwanza pole, pili acha vituko.

Farasi alikuwa anateseka, mwenye farasi yuko mbali, daktari amekupa njia mbili na ukachagua ile ya kuishi. Kwa hilo nakupa mkono. Lakini mama angeweza kupigiwa tena mtoto alipotulia, nawe hukupiga, kwa sababu uliogopa jibu lake. Hapo ulikosea, wala usijifiche nyuma ya skrubu za daktari.

Mpigie leo. Usingoje Jumamosi akute lipu mbichi na farasi aliyevaa blanketi kama mgonjwa wa malaria. Anza na "Meneja yuko hai," ndipo useme bega. Mwambie hakuwa akiinuka bila kusukumwa. Mwambie uliogopa kumuuliza. Omba radhi kwa kumficha jambo, ila usiombe radhi kwa kumponya Meneja. Atafoka, na wewe mwache afoke. Aliyewahi kumsubiri punda wake aamke asiamke ana haki ya kufoka. Usimkatize kwa habari za gegedu.

Mumeo naye aweke mwiko chini, aketi ubavuni mwako simu ikiwa sauti ya juu, na aseme mwenyewe, "Mama, nami nilijua." Ni mama yake huyo! Chai atakunywa baadaye.

Mwombe daktari apite Jumamosi na picha, amweleze mama kwa nini kigari basi, na siku gani Meneja ataruhusiwa kutoka. Mama asisikie masharti hayo kutoka kinywani mwako. Kwa sasa kinywa chako hakina soko.

Na akifika, mpishe mlangoni pa zizi. Aingie peke yake, alipapase lile bega, akague mpaka atosheke. Akitoka macho mekundu usimuulize kitu. Mpokee mkoba, mwulize mjukuu kafanana na nani.