Kiti cha Bi Lorraine

Beltsville, Maryland
Desemba 2006

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo, na baada ya hiyo pokea salamu nyingine nyingi kadiri barua inavyoweza kubeba. Goti linasemaje? Mvua zimefika huko milimani au bado mnatazama mawingu? Mimi mwili ni mzima. Habari za roho ndizo zilizonifanya nichukue kalamu badala ya kupiga simu, kwa maana nikipiga, shangazi huifungulia sauti na nyumba nzima hukusanyika kusikiliza, na haya si ya nyumba nzima. Yasome peke yako. Macho yakikataa, akusomee dada, ila mfunge mlango kwanza.

Unamkumbuka Mzee Harold, yule Mmarekani mweusi ninayemtunza na kuishi kwake. Nilikuambia ana Kiswahili kumshinda mwalimu mkuu wetu wa zamani, ukadhani nakutania. Yeye na mkewe, Bi Lorraine, walijifunza ujanani katika darasa la jioni kule Washington, wakakifanya lugha yao ya kuzungumzia siri mbele ya mtoto. Bi Lorraine alifariki miaka mitatu iliyopita, kabla sijaajiriwa hapa. Namjua kwa picha tu: mama mfupi, mwenye miwani, anacheka. Mzee naye ni mrefu, huinama akipita mlangoni, na siku hizi akili yake inakuja na kuondoka. Asubuhi ananisahihisha Kiswahili, mchana ananiuliza kama nimekuja kutengeneza bomba.

Mwezi wa kumi, nikiwa bafuni, alitoka na gari la marehemu mkewe. Polisi walimkuta karibu na Lanham, kando ya ile barabara kubwa inayouzunguka mji, mahali ambapo mimi mwenyewe naogopa kuendesha. Gari lilikuwa limeegeshwa vizuri, injini inanguruma, taa za tahadhari zinawaka. Mzee alikuwa ameketi kiti cha abiria, mkanda ameufunga, mikono ameiweka magotini. Polisi wakasema bila shaka alihamia upande ule baada ya kusimama. Na mimi nikasema bila shaka. Lakini Mama, mzee huyu namvisha soksi mwenyewe, kwa sababu mguu hawezi kuuinua.

Binti yake, Denise, mtoto wao wa pekee, anakaa Sterling, ng'ambo huko Virginia. Alikuja siku ileile akasema mbele yangu kwamba baba yake akiligusa gari mara nyingine, atampeleka nyumba ya wazee bila kungoja. Hakusema kwa ubaya, anaogopa. Ila mimi nimefanya kazi katika nyumba zile. Nimewaona waliohamishwa kutoka kwenye madirisha waliyoyazoea miaka arobaini, wanavyoanza kwa kukataa chakula. Nampenda mzee huyu, acha niseme wazi. Baba alipofariki na mimi nisiweze kuja kumzika, yeye ndiye aliyekaa nami jikoni kutwa nzima, ameushika mkono wangu.

Denise hakuwa na moyo wa kuliuza gari la mama yake. Akaniagiza niikate betri, na nimwambie Mzee kuwa ni kwa sababu ya baridi. Uongo huo una nusu ya ukweli ndani yake. Huku gari likilala bandani majira yote ya baridi, saa na vikorokoro vingine huinyonya betri kidogokidogo hadi inakufa, kwa hiyo watu huitenganisha mapema. Mzee aliamini. Alikuja hata kunisimamia, amevaa koti juu ya pajama.

"Waya mweusi kwanza, kijana," akasema. "Ukianza na mwekundu, spana ikigusa bodi, utaruka."

Nikafuata. Nilikisukuma kiti cha dereva nyuma kabisa nipate kukifikia kile kishikio cha boneti, nikafungua waya mweusi kwa spana namba kumi, kisha mwekundu. Nikasugua ule unga wa kijani kwa magadi soda na mswaki mkuukuu. Betri yenyewe niliitoa nikaiweka juu ya ubao, kwa kuwa hata wazee wa huku wanaamini kwamba ikikalishwa juu ya saruji hufa. Mzee alichungulia ndani akaona saa ya gari imezimika.

"Sasa hatajua ni saa ngapi," akasema. Sikumwuliza ni nani.

Kesho yake niliingia gerejini, ndilo banda la gari lililoshikana na jikoni, kuchukua ufagio. Nikaona kiti cha dereva kimevutwa mbele, karibu kiguse usukani. Kiti hicho hakina umeme. Kuna chuma chini yake, unakishika na kuvuta kwa nguvu. Nikakirudisha nyuma. Siku ya pili nikakikuta mbele tena, nikakirudisha. Jioni hiyo nilifunga milango yote minne ya gari, nikalala na ufunguo mfukoni, na asubuhi kiti kilikuwa mbele. Labda Mzee ana ufunguo wa akiba. Nimeutafuta hata chini ya godoro lake na sijauona. Wala mimi wala yeye hatuwezi kuingiza magoti pale. Ni nafasi ya mtu mfupi.

Nilimpigia mwenzangu wa kanisani, muuguzi mmoja kutoka Kiambu anayekaa Lanham. Alinicheka.

"Wacha stori," akasema. "Huyo mzee ana-wander tu, anazurura, wote hu-wander. Weka kengele kwa hiyo mlango. Na usi-tell Denise kitu, uta-panic-isha mtu bure."

Akaniombea palepale kwenye simu, mbiombio, maana alikuwa anaingia zamu. Nilishukuru, lakini amina niliyoitikia ilikuwa nyepesi.

Siku ya nne, baada ya chai ya asubuhi, nilimwacha Mzee sebuleni nikaosha vikombe viwili. Kugeuka, kiti chake kitupu. Mlango wa gerejini ulikuwa umefungwa. Sijui ni malezi yako au ni hofu, Mama, lakini niligonga mlango ule na kupiga hodi, mtu mzima mimi, katika nyumba ambayo funguo zote ninazo.

Sauti ikajibu kutoka ndani, "Karibu."

Ilikuwa sauti ya chini. Sikuweza kujua ni ya mume au ya mke. Nilifungua, nikamwona Mzee ndani ya gari, kiti cha abiria, amevaa koti la kanisani na kofia, mkanda ameufunga. Kulikuwa na baridi ya kukuonyesha pumzi yako. Kiti cha dereva kilikuwa mbele, kitupu.

"Mzee, ni wewe umenikaribisha?"

"Hapana," akasema. "Mimi ni abiria tu."

Aliyasema kwa upole, akili yake imetulia kabisa. Macho yalikuwa ya siku zake nzuri, zile za kunisahihisha Kiswahili. Nikamwomba atoke, baridi itamwumiza. Akatikisa kichwa.

"Tunangoja uturudishie betri. Mke wangu ndiye anayeendesha. Safari ile hatukufika, wale polisi walitukatiza."

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Kwake," akasema.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, na Denise alikuwa anakuja Jumapili. Nilijua akimkuta baba yake pale, amevaa tayari kwa safari, wiki hiyohiyo atakuwa amehamishwa. Na nilijua jambo la pili ambalo nisingeweza kumwambia Denise kwa Kiingereza wala kwa lugha yoyote: kwamba nikiurudisha ule waya, Mzee ataondoka, na safari hii atafika. Nikamsihi tena. Nikamwambia tumpe Denise angalau majira haya ya baridi, na mimi pia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Si mimi wa kuombwa," akasema. "Mwombe mwenyewe."

Mama, mwanao mwimba kwaya alizunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akainama mbele ya kiti kitupu, mkononi spana aliyoiokota kando ya betri. Nilisema, "Shikamoo, Bi Lorraine. Unisamehe kuingilia mambo ya nyumba yako. Mimi ndiye ninayemtunza mumeo. Anakula, dawa anameza, nguo zake ni safi. Nakuomba umwache kwanza. Binti yenu hajawa tayari. Hata mimi sijawa tayari, nimeshamkosa mzee mmoja bila kumuaga." Hilo la mwisho lilitoka lenyewe, sikuwa nimelipanga. Nikaanza kulia palepale.

Nilikuwa nimeegemeza mkono kwenye kiti. Chuma chote cha gari lile kilikuwa kinauma kwa baridi, lakini kitambaa cha kiti kilikuwa na uvuguvugu, mahali pa kukalia tu.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande wa dereva. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, mara moja akaitika "ehee", mara nyingine akatabasamu. Kisha akaufungua mkanda wake mwenyewe, vidole vile visivyoweza kufunga kifungo.

"Amekubali," akasema.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikazunguka kumsaidia ashuke. Alipokuwa ameshasimama, ameushika mlango, akanigeukia.

"Ila anauliza, jina lako nani?"

Nilijiambia ni ugonjwa, amenisahau, ndivyo wanavyokuwa. Nikampeleka polepole hadi chumbani kwake, mwisho kabisa wa nyumba, nikamvua koti. Alipoketi kitandani akaniita kwa jina langu kamili, na la Baba juu yake, akaniomba mayai mawili.

Denise alikuja Jumapili. Alimkuta baba yake amenyolewa, anakula, anamtania kuhusu nywele zake. Akaenda gerejini peke yake, akaiona betri juu ya ubao na vumbi kwenye vioo. Aliporudi alinikumbatia akasema baba yake atabaki hapa hapa, na habari za nyumba ya wazee hatazitaja tena. Nilipaswa kufurahi, na nimefurahi, sitaki ufikiri vingine. Mzee hajaingia gerejini tangu siku ile. Analala vizuri, ameongezeka hata uzito.

Lakini kila asubuhi akimaliza kula hunitazama akauliza, "Umeshamwambia?" Namjibu bado. "Usimcheleweshe," husema. "Yeye ametupatia kitu kikubwa, na ameomba kidogo tu." Nimemsihi asiniite kwa jina, aniite kijana. Amekubali, tena bila kuuliza sababu, na hilo limenitisha zaidi. Kiti kiko mbele vilevile. Sikirudishi tena.

Wewe ulilelewa na bibi, ambaye alikuwa akipanda pangoni kuwapelekea habari waliotangulia, kabla wamisionari hawajamkataza. Sikuwahi kukuuliza mambo hayo, tulifundishwa kuyaonea aibu. Sasa nakuuliza, na nakuomba usinijibu kwa mstari wa Biblia pekee. Mtu wa namna ile akitaka jina lako, hupewa? Na akishapewa, hulifanyia nini?

Nisalimie dada mkubwa na wanawe. Nisalimie kaka aliyebaki shambani na mkewe, mwambie mke wa kaka kwamba kitenge alichoniagiza nilicheka wiki nzima, yaani kitenge kitoke Marekani. Nisalimie shangazi mwenye simu, bila kumweleza kitu, na yule mwalimu wetu wa kwaya.

Utakaponijibu, bahasha iandike kwa jina la Mzee, itanifikia. Na ndani, Mama, usinitaje popote. Barua zikifika yeye hupenda kunisomea kwa sauti, mezani jikoni, na kati ya jikoni na gari lile kuna ukuta mmoja tu.

Ni mimi, yule wa tatu kuzaliwa kwako.