Kichupa cha Watoto Kumi

Nachingwea, Jumatano, Oktoba 2008

Joto la kabla ya mvua. Mabibo yanaoza mtaa mzima na harufu yake imeingia mpaka kwenye mapazia. Naandika kwenye daftari huku mwanangu Somoe amelala mapajani mwangu. Kesho kutwa nitaichapa hapa kwenye blogu kabla watu hawajaingia ofisini, kama nitakuwa bado na moyo wa kuiweka.

Nimempima joto kwa kiganja mara sita tangu jua lilipozama. Hana joto. Najua kwamba hata kama ugonjwa umeshamwingia, leo asingekuwa na joto. Napima tu.

Nianze na asubuhi.

Saa mbili na nusu, nikiwa nimekaa masjala na mafaili ya siku mbele yangu, simu ikaita. Alikuwa wifi yangu Fatu, kutoka Matambarale, kwao mume wangu. Nikajua si salamu. Pale kijijini mtandao haushiki mpaka upande juu ya kichuguu kilicho nyuma ya shule, na hakuna mtu anayepanda kichuguu asubuhi yote ile kuuliza watu wameamkaje.

"Wifi, Hamisi ana vipele," alisema. Hamisi ni mwanawe, ana miaka miwili. "Vilianza nyuma ya masikio, sasa vimeshuka kifuani. Macho mekundu. Mwalimu kapita kamwona, kasema hii surua."

"Mmempeleka zahanati?"

"Mama hataki. Anasema surua haipigwi sindano, ukiipiga inarudi ndani, mtoto anaondoka." Halafu akaongeza: "Na Somoe wamelala naye mkeka mmoja, wifi. Ndiyo maana nimepanda huku."

Nilimwambia amweleze mama hakuna atakayemchoma Hamisi sindano, atapewa matone ya vitamini na dawa ya macho, ampeleke leo hii. Akasema atajaribu. Simu ikakatika.

Tulikuwa Matambarale Jumapili, kwenye arobaini ya baba mkwe. Tulifika kabla ya adhuhuri, tukalala, tukarudi Jumatatu. Hamisi alikuwa na mafua na macho yanamtoka machozi. Mama mkwe alisema ni meno ya nyuma. Watoto wawili, bakuli moja la uji, mkeka mmoja. Nani angewatenganisha mbele ya watu waliokuja kumwombea marehemu? Mimi si mtu wa kufanya hivyo. Nilitabasamu nikaendelea kuosha mchele.

Na Somoe hajachanjwa surua. Ana miezi tisa na siku ishirini na tatu.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika ukweli, kwa sababu mchana kutwa nimekuwa nikimlaumu kila mtu kichwani.

Alipokuwa na miezi minane na siku kumi na mbili nilimpeleka kliniki kupima uzito. Nesi Eusebia, mama mtu mzima anayewajua watoto wote wa mtaa wetu, alikuwa amefungua kichupa cha surua. Kichupa kimoja ni cha watoto kumi. Unga wake ukishachanganywa na maji yake hauruhusiwi kukaa, jioni unatupwa. Wakati ule kilikuwa kimebaki cha mtoto mmoja.

"Lete huyo nimchome," aliniambia. "Kitamwagwa bure hiki."

Nikakataa. Kadi inasema miezi tisa. Nilikuwa nimesoma kwamba mtoto akichanjwa mapema, kinga aliyotoka nayo kwa mama yake inaweza kuiharibu chanjo, ikawa kazi bure. Nilimweleza hayo yote, pale kwenye benchi, mbele ya akina mama, kwa Kiswahili cha kidato cha sita. Zimebaki siku kumi na nane, nikasema. Tangu siku ile ananiita Mama Kalenda.

Kazi yangu ndiyo hiyo, labda ndiyo sababu. Faili likiandikwa lirudi kwa bosi tarehe fulani, mimi nalirudisha tarehe hiyo, si jana yake wala kesho yake. Nimesifiwa kwa hilo.

Siku kumi na nane zikaisha. Nikaenda. Tulikuwa wanne tu, akasema hafungui kichupa kwa wanne, dawa zenyewe zinaletwa kwa nadra. Wiki iliyofuata tulikuwa wengi, lakini gesi ya jokofu ilikuwa imekwisha na dawa zimepelekwa kuhifadhiwa kwingine. Wiki ya tatu wakaguzi walikuwa ofisini na sikutaka kuomba ruhusa. Nilisema, ataenda wiki ijayo.

Hiyo ya tatu ni yangu. Na ile ya siku kumi na nane pia.

Basi saa tatu nilikuwa mlangoni kwa Nesi Eusebia, Somoe nimempitia nyumbani na kumbeba mgongoni, natweta.

"Mama Kalenda," alisema bila kuinua kichwa. "Kliniki ni kesho. Leo hesabu imekukataa?"

Nilipomweleza aliacha kalamu. Akaniuliza mtoto yule alianza kuumwa lini, na Somoe alikaa naye lini. Akasema chanjo ikiwahi ndani ya siku tatu tangu mtoto akutane na mgonjwa, mara nyingine inautangulia ugonjwa. Mara nyingine. Alilirudia hilo ili nisije nikajidanganya.

"Ila nina vichupa viwili tu mpaka gari lije," alisema. "Kimoja ni cha kesho. Cha pili nikikifungua kwa mtoto mmoja, hao tisa wengine nitawajibu nini? Niletee watoto. Sita, saba, nitafungua. Kabla ya saa nane."

Mume wangu yuko Mtwara kwenye kozi. Nilimpigia, akaniuliza maswali ambayo sikuwa na muda wa kuyajibu. Nikakata, nikaenda kutafuta watoto.

Mwezi huu mtaani hakuna watoto. Kila mwenye mgongo yuko kwenye mikorosho na kila mwenye mtoto amembeba huko huko. Nilibisha milango mitatu, nikapata bibi mmoja na mbuzi. Nikashika njia ya Naipingo kwenda mashambani na viatu vyangu vya ofisi, Somoe analia kwa jua, nikiwa na karatasi niliyoandika majina ya watoto ninaowajua kuwa hawajafika mwaka na nusu. Ndiyo, niliandika orodha. Hata leo.

Wa kwanza niliyemkuta alikuwa Mama Tabu, jirani yangu, Mmakonde wa kutoka upande wa Msumbiji, mcheshi kuliko mtaa mzima. Alikuwa amekaa chini anakonyoa korosho kwenye mabibo, mikono imeloa, mwanawe Tabu amelazwa kwenye kanga kivulini.

"Jamani, serikali imeingia porini," aliwaambia wenzake. "Na visigino. Karani, umekuja kutuandikia hati za mikorosho?"

Nikamwambia kuna chanjo ya surua leo, twende.

"Tabu kachomwa zote. Alama hii hapa." Akamfunua bega la kulia.

Nikamweleza ile alama ni ya kifua kikuu, huchomwa mtoto akizaliwa. Ya surua haiachi alama. Akanitazama kama niliyemwambia shamba si lake. Miezi yote hii alikuwa ameamini mwanawe amemaliza. Kumbe naye alikuwa amerudishwa mara mbili, mara zote kichupa hakikufunguliwa, na kwa kuwa alama anaiona, akaacha kwenda.

"Sasa si kesho ndiyo kliniki? Kesho nitakuja. Leo korosho hizi nikiziacha, nitazikuta?"

Nikamwambia kesho dawa haitakuwepo.

Nilisema hivyo. Sikupanga, ilitoka yenyewe, tena kwa sauti tulivu, ile ninayotumia dirishani masjala mtu akiulizia barua yake. Wanawake wakatazamana. Mama Tabu akafuta mikono kwenye majani, akambeba Tabu, akaita wawili wa shamba la pili. Wale wakaita wengine. Wengine hawakukubali na sikuwabembeleza, nilikuwa naangalia saa.

Sikumwambia hata mmoja wao kwa nini leo. Sikutamka jina la Hamisi. Niliogopa kwamba nikisema mwanangu amelala na mwenye surua, hakuna atakayekubali kukaa naye benchi moja, na bila wao kichupa hakifunguliwi.

Na mimi sikujua kama Somoe anaweza kuwaambukiza. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza nesi asubuhi. Sikuuliza, kwa sababu angeweza kujibu.

Tukarudi mjini, wanawake sita na watoto sita, na mimi na wangu. Njiani walipita majumbani kuchukua kadi, zile zinazohifadhiwa kwenye mifuko ya nailoni juu ya kenchi za paa. Mmoja kadi yake ilikuwa imeliwa na mchwa, ikabaki tarehe ya kuzaliwa tu. Wakacheka sana. Mimi nilicheka nao.

Benchini Tabu alinyoosha mkono akamshika Somoe sikio, wakacheka wote wawili. Niliangalia ukutani.

Kichupa kilifunguliwa. Somoe alichomwa saa nane kasoro robo, mkono wa kushoto. Nesi aliandika kwenye kadi, akaniangalia, na hakuniita Mama Kalenda. Nilipobaki nyuma nikamuuliza lile swali. Akasema siku ya tatu mtoto hajaanza kuutoa ugonjwa, watoto wale hawakupata kitu kwake. Kisha akaniuliza, "Mama zao wanajua?"

Nikasema hapana.

"Wewe ni msomi," alisema, akaanza kufuta meza.

Nilimkimbilia Mama Tabu, nikamkuta kwenye kona ya mashine ya kusaga. Nikamwambia yote. Hamisi, mkeka, siku tatu, na kwamba kesho dawa ipo. Nikamwambia nesi amesema Tabu yuko salama. Nilikuwa naongea haraka, nadhani niliongea kama ninayesoma.

Alikuwa amembeba Tabu nyonga ya upande wangu. Akamhamishia upande wa pili.

"Ungeniambia, ningekuja," alisema. "Nilizaa wanne, huyu ndiye aliyebaki. Unafikiri surua mimi nasimuliwa?" Na baadaye, akiwa ameshaanza kuondoka: "Korosho zangu nimeziacha chini kwa ajili ya uongo wako, karani."

Hakugeuka tena.

Sikujua habari ya watoto wake watatu. Tumepakana ukuta miaka miwili, mchicha wangu ameumwagilia kila nikisafiri, na sikuwahi kumuuliza. Kumbe katika mtaa mzima, yeye ndiye mtu ambaye sikupaswa kumdanganya.

Jioni Fatu alipanda kichuguu tena. Mama mkwe amekubali baada ya kuapiwa kwamba hakuna sindano. Hamisi amepewa matone, anakunywa maji, lakini anapumua kwa shida na wameambiwa walale pale pale zahanati. Hakuwahi kuchanjwa. Kila walipokwenda, watoto hawakutosha.

Nesi amesema nisubiri. Kama chanjo haikuwahi, mafua na homa vitaanza siku ya kumi hivi, vipele baadaye kidogo. Kama imewahi, hakutakuwa na kitu chochote, na sitajua kamwe kama ni chanjo au ni bahati tu.

Nimekuwa nikihesabu tangu saa kumi. Kutoka Jumapili mpaka leo saa nane kasoro robo. Kama Somoe alikaa na Hamisi baada ya chakula, saa tisa, tumewahi. Kama alikaa naye tulipofika, kabla ya adhuhuri, siku tatu zilikuwa zimepita tukiwa bado njiani na wale wanawake.

Namkumbuka Fatu akimpokea Somoe kutoka mgongoni mwangu. Nakumbuka kanga aliyovaa. Nakumbuka mkeka ulipokuwa, karibu na magunia ya ufuta. Adhana je? Ilikuwa imeshatolewa au bado? Nikifumba macho naisikia kabla, nikifumba tena naisikia baada.

Naweza kukwambia faili lolote lililotoka masjala mwezi uliopita, limetoka saa ngapi na amelichukua nani. Saa hii moja sina.

Kesho nitaamka mapema. Wapo wanawake watano ambao bado hawajui. Nitapita kwao mmoja mmoja kabla hawajaenda mashambani, niwaambie kwa mdomo wangu, wasije wakasikia kwa mwingine. Halafu nitakwenda kwenye shamba la Mama Tabu, na viatu vyovyote vile, nikae chini nikonyoe korosho mpaka anifukuze.

Somoe amegeuka. Nimempima tena.

Hana joto.