Baiskeli Nane Zinazongoja Wenyewe

Mama Monique mpendwa, mimi msomaji wa ushauri wako gazetini nakuandikia nikiwa na furaha nyingi na shida moja, na shida yenyewe imezaliwa ndani ya hiyo furaha, kwa hiyo utanivumilia nikianza na furaha kwanza. Nimeolewa miezi mitatu sasa. Bwana yangu anaitwa Kamate, ni fundi wa baiskeli hapa mtaa wa Lumumba, na siku ya ndoa yetu alinipeleka parokiani juu ya baiskeli aliyoiunganisha mwenyewe kutoka vipande vya baiskeli sita zilizokufa, ameipaka rangi nyeupe, amefunga maua kwenye usukani, na njia nzima watu walikuwa wanapiga vigelegele, na mimi nyuma yake nimeshika kiuno chake nikisema moyoni kwamba Mungu akitaka kuisimamisha dunia aisimamishe hapa hapa, kabla hatujafika kwenye mteremko. Hata sasa nikisikia kengele ya baiskeli barabarani natoka mlangoni kuangalia, ingawa najua yeye yuko nyuma ya nyumba, kwenye atelie, karakana yake.

Mwaka huu pia nimeanza masomo ya uandishi wa habari kwenye chuo kimoja hapa Bunia, na ni Kamate aliyenisukuma. Mimi nina diploma ya sekondari tu, nilifikiri mwanamke akishaolewa kaye zake, yaani daftari za shule, zinafungwa, lakini yeye alisema, "Chérie, weye unaongea siku muzima. Nenda bakufundishe kuyaandika."

Sasa mwalimu wetu, Monsieur Lucien, alitupa kazi ya kuandika reportage, yaani habari ndefu ya mtu mmoja na maisha yake, si habari ya mapigano wala ya mkutano wa wakubwa. Wenzangu walikaa wakikuna vichwa, mimi sikufikiri hata dakika moja, niliandika kurasa mbili juu ya Kamate, macho yake, sauti yake, jinsi anavyocheka kabla hajamaliza kusema neno la kuchekesha, na nilimalizia na nyota. Monsieur Lucien alisoma mbele ya darasa, akageuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna kingine, akasema, "Madame, huyu bwana iko na mikono?"

Nikasema, "Ndiyo, Monsieur."

"Anaifanyia nini?"

Rafiki yangu Estelle akajibu kutoka nyuma, "Anamukamatia bibi yake," na darasa likaanguka kwa kicheko, nami nikatamani kuingia ndani ya mfuko wangu wa vitabu. Monsieur Lucien akanirudishia karatasi. "Upendo wa bibi nimeuona. Bwana sijamuona. Rudi nyumbani, ukae karibu na kazi yake siku tatu. Angalia mikono. Usiandike hata neno moja ya kumusifu."

Nikakaa siku tatu, Mama, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho miezi mitatu ya kumwangalia usoni haikunionyesha. Kwenye miti ya paa la atelie kuna baiskeli nane zimening'inia. Nilikuwa naziona kila siku, nikifikiri ni za kuuza. Kumbe Jumamosi Kamate anazishusha moja moja, anafuta vumbi, anadondosha mafuta kwenye mnyororo, anajaza upepo, anazungusha gurudumu huku ameinamisha sikio kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto, halafu anaitundika tena. Kila moja ina kipande cha karatoni kimefungwa kwa waya. Juu kuna jina la mtu, katikati ubovu, labda breki au rayon tatu za gurudumu zimevunjika, na chini, kwa mwandiko wake mdogo, neno moja: imepona.

Nilikuwa nimekaa pale nachambua maharage, nikanyosha kidole kwenye hizo baiskeli, nikamuuliza, "Hizi kinga ziko za nani?"

"Za wenyewe."

"Wenyewe wako wapi?"

"Ukijua, uniambie. Balileta nitengeneze, kisha vita ikaingia, kila mutu akakimbia njia yake. Bengine Boga, bengine balivuka ziwa."

"Na weye ulikimbia na kinga gani?"

"Na miguu."

"Mpaka Beni?"

"Mpaka Beni."

"Na nyumba imejaa kinga nane."

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini hakuvaa viatu vya jirani. "Zilikuwa za batu, chérie. Miye nilikuwa fundi tu."

Kabla ya kukimbia alizifungua magurudumu, akazishusha zote ndani ya shimo la choo kipya ambacho kilikuwa hakijatumika, akafunika kwa mbao na udongo. Aliporudi, Bunia ilipoanza kutulia, alikuta atelie haina hata spana moja, lakini shimoni zilikuwa nane, zimeshika kutu, akaanza kuzitengeneza upya, zile zile alizokuwa amezimaliza. Na wenye baiskeli hizo ni wa upande huu na wa upande ule, unanielewa, Mama, sina haja ya kutaja makabila, sisi tuliotoka Butembo tulikuwa katikati, ndiyo maana wote walimletea. [Hapa dada ametaja majina matatu pamoja na vijiji vyao. Nimeyaondoa. – Mama Monique]

Niliandika yote, Mama, bila nyota hata moja. Monsieur Lucien alisoma akiwa amesimama, na Estelle akasogeza kiti chake mbele. Akasema hii ndiyo, itaingia kwenye gazeti la chuo na yeye mwenyewe ataipeleka redioni isomwe, lakini anataka majina, la Kamate na ya wenye baiskeli. Alisema, "Hapa kila mutu anasema 'mutu moja, pahali fulani'. Vita ilitufundisha kuongea bila majina. Reportage bila majina iko uvumi." Anaingoja Ijumaa.

Na hapa ndipo penye shida yangu. Kamate hajui. Siku ile kaye yangu ilikuwa chini ya ungo wa maharage, na kila akigeuka kutafuta spana naivuta, naandika mstari mmoja, naisukuma tena. Kwake redio inaimba tangu asubuhi mpaka anafunga kazi, na nikifikiri atasikia maneno yake mwenyewe yanatoka mle ndani, naifunga kaye na kuifungua tena. Naogopa pia wenye bunduki, kwa maana huko barabarani hawajaisha, na baiskeli nane kwao ni kitu. Naogopa majirani watakaouliza kwa nini anatunza mali ya wale. Lakini nafikiri tena, je, kama mwenye baiskeli anasikiliza redio huko aliko, na anafikiri kwamba kila kitu chake kiliisha? Juzi nilijaribu kumpima, nikasema, "Mutu akiandika juu ya hizi kinga?" Akacheka. "Nani ataandika? Tunajua weye na miye tu." Kisha akanipa pampu nimshikie.

Sijawahi kumficha kitu, Mama, hata kabla ya ndoa. Nipeleke Ijumaa, au niichane tu?

Bibi-arusi mwenye kaye, Bunia

*

Mwanangu, kwanza pongezi. Mambo ya kiuno na mteremko nimeyaacha yote kama ulivyoyaandika, kwa sababu mji huu umekaa miaka mingi bila kusoma mambo kama hayo. Mengine nimeyapitia na mkasi. Bwana yako nimemwita Kamate, maana kila kiwanja cha watu wa Butembo kina Kamate wake. Mwalimu na rafiki yako nao wana majina mapya. Mtaa nimeubadilisha, na idadi ya baiskeli, na mahali zinapokaa, kwa hiyo usije ofisini kuniambia nimekosea. Barua yako ilipita kwenye mikono mitatu kabla ya kunifikia, na ndani yake ulikuwa umetandika majina ya watu usiowajua pamoja na vijiji vyao. Hukufanya hivyo kwa ubaya. Ulifanya kwa furaha, ndiyo maana nakugombeza kwa sauti ya chini.

Unaniuliza upeleke au uchane. Hilo bado si swali. Swali ni hili: maneno uliyoandika ni ya nani? Bwana yako alitembea kwa miguu mpaka Beni, nyumba imejaa baiskeli, kwa sababu zilikuwa za watu. Wewe ukachukua maneno yake, ukayapanda kama baiskeli mpaka darasani. Alipokujibu alikuwa anaongea na bibi yake anayechambua maharage. Mwandishi alikuwa chini ya ungo, na hakuna aliyemwambia kwamba mwandishi yupo. Ukiniambia kwamba uliandika mambo mazuri tupu, nitakujibu kwamba hata anayeazima baiskeli bila kuuliza anaweza kuiendesha vizuri.

Kwa hiyo leo, kabla jua halijateremka, ingia atelie ukiwa umeshika kaye juu, ionekane. Usimpikie kuku kwanza. Mwanaume akiona kuku siku ya kazi anajua kuna neno linakuja, na atalisikia vibaya. Zima redio. Mwambie: nilikuuliza kama bibi yako, nikaandika kama mwanafunzi, na sikukuambia. Halafu msomee yote. Zile kurasa za nyota nazo msomee, maana pengine utahitaji acheke. Ukimaliza, funga mdomo na umwache afikiri. Najua hiyo ndiyo sehemu itakayokuchosha kuliko zote.

Akikasirika, ana haki, na itapita. Mtu aliyezitunza baiskeli za wengine miaka yote hiyo hawezi kuitupa ndoa ya miezi mitatu kwa ajili ya kaye moja. Akisema hapana, ni hapana, lakini usichane. Kata kipande cha karatoni, andika jina lake, kifunge kwenye hiyo kaye, uitundike juu pamoja na zile nane. Kazi imepona, inangoja mwenyewe. Yeye kuliko mtu yeyote atakuelewa.

Akisema ndiyo, ndiyo yake inaishia kwenye jina lake. Majina ya kwenye vikaratoni si yake kuyatoa, wala yako. Mwalimu wako anasema kweli, mimi pia nimechoka na "mutu moja, pahali fulani". Barua ya kuomba ushauri inaweza kuvaa jina la kuazima, kama yako, lakini reportage haiwezi. Ila kabla ya kulichukua jina la mtu, unagonga mlango wake. Mwombe Monsieur Lucien wiki tatu, na umwambie kwa nini. Siku za soko watu wa vijiji kama Marabo wanaingia mjini. Kaa nao, nunua kitu, uliza bila haraka nani aliwahi kuacha baiskeli kwa fundi. Kabila usiulize, na rangi ya baiskeli usiitaje. Mwenyewe ataitaja, na ubovu wake pia, na vikaratoni vitasema kama ni kweli. Ukimpata mmoja tu, akakubali kuandikwa, unayo reportage bora kuliko hii, kwa sababu siku atakayokuja kuichukua utakuwa umekaa pale, kaye iko wazi juu ya magoti, na bwana yako ameizungusha mikono yake kwenye usukani wa mtu mwingine kwa mara ya mwisho. Mwalimu akikataa kungoja, mpelekee zile kurasa za nyota, akupe maksi anazotaka. Mwaka wa kwanza hauishi Ijumaa.

Na hodari wewe. Umejifunza kuangalia mikono. Wengi wanaoandika kwenye gazeti hili bado.

Neno moja limebaki. Katika majina matatu niliyoyakata, mawili siyajui. La tatu nililisoma, nikafuta miwani, nikalisoma tena. Sijamwambia mwenyewe kitu, kwa sababu sharti ninalokupa linanifunga na mimi. Ukishaongea na bwana yako, muulize kama naruhusiwa kumwambia mwenye jina hilo, na jibu liwe lake, si lako. Mtu huyo yuko hai, analima huko Boga, na kila akija kuniona anakuja kwa miguu.